Tunakoma Kuanzia Alhamisi

Kambini, Jumapili, 3 Machi

Dada yangu, mchapaji mkuu wa mtaa mzima,

Nakutumia salamu za kukutosha wewe na Mama, na zikibaki mpe yule mteja wako anayekuja kuchapisha barua moja kila wiki na haina haraka yoyote. Kinachomleta nakijua. Simu zetu Bosi amezifungia kabatini mpaka ligi iishe, kwa hiyo vumilia mwandiko. Dereva wa gari la maji amekubali kuwa posta wetu, mradi nimwachie anifunge penalti moja kila akija.

Kwanza habari zangu. Mimi ni mzima, kifua kimeongezeka, na lango ni langu. Jumamosi nilidaka mpira mmoja hata mwamuzi alitaka kunipigia makofi, akakumbuka ana filimbi mdomoni.

Sasa habari yenyewe. Unajua Bosi, mwenye timu, ana kiwanda cha magodoro, na kambi yetu ipo nyuma yake, tumegusana na ghala. Mwanzoni tulifurahi, kila mchezaji alipewa godoro jipya la inchi nane. Kumbe! Wapakiaji wake wawili walipoacha kazi, hakutafuta wengine. Alikuja asubuhi moja akasema, "Vijana, mazoezi ya viungo leo yapo ghalani." Tukacheka. Hakuwa anatania. Hii ni wiki ya nne, kila lori likifika, wachezaji wa ligi kuu tunapakia magodoro. Godoro si zito sana, Dada, ila halina pa kushika. Ni kama kumbeba mlevi.

Jana jioni, tumetoka tu kwenye mechi, lori likaja na Ukuta akaumia. Ukuta ni kipa mwenzangu, mtu mzima, baba wa watoto watatu. Alikuwa juu ya lori anapokea, lundo likamwelemea, mgongo ukalia ka! Daktari kasema wiki mbili asiinamie hata viatu vyake. Bosi akasema, "Pole sana, lakini mkataba mliusaini wenyewe."

Basi Kapteni akauleta mkataba chumbani, akauliza nani anasoma vizuri. Sipendi kujisifu, lakini nilikuwa nimeshasimama. Nikawasomea ukurasa wa kwanza wote, kwa sauti ya mtangazaji, mpaka mstari wa chini kabisa: "Mchezaji atacheza mechi, atafanya mazoezi, na kazi nyinginezo atakazopangiwa." Kazi nyinginezo! Kumbe neno lenyewe ndilo hilo linalotupandisha malori. Upepo, winga wetu, akasema, "Kwa neno hilo kesho tutamfulia soksi."

Tumekubaliana wote ishirini na wawili, neno hilo litoke mkatabani, la sivyo hakuna magodoro, hakuna mazoezi, hakuna mechi. Na wamenichagua mimi kuwa katibu, kwa sababu niliwaambia dada yangu huchapa barua za serikali. (Usikatae, ulichapa ile ya bwana afya.) Nakunakilia niliyomwandikia Bosi, uone mdogo wako alivyo moto:

"Kwa Mwenye Timu. Sisi wachezaji wako tumekaa tukazungumza sana kuhusu magodoro na mgongo wa mwenzetu. Kuanzia Alhamisi tunakoma. Hatutanii. Tutakoma wote, kipa mpaka mshambuliaji, na tutaendelea kukoma mpaka wewe mwenyewe useme neno. Katibu."

Nimeipeleka leo kwa mkono wangu.

Mdogo wako,
Sumaku, kipa namba moja


Dukani, Jumanne, 5 Machi

We mdogo wangu we,

Barua yako nimeisoma mbele ya wateja, nikacheka mpaka fundi saa wa mlango wa pili akaja kuuliza kama nimepigwa na umeme. Halafu nikaacha kucheka.

Sema polepole: ku-go-ma. Sasa sema: ku-ko-ma. Umesikia? Anayegoma anaweka kazi chini na kukunja mikono. Anayekoma ni yule aliyechapwa akashika adabu, anasema "nimekoma, sirudii tena." Umemwandikia Bosi wako, kwa niaba ya wanaume ishirini na wawili, kwamba kuanzia Alhamisi mnashika adabu, kipa mpaka mshambuliaji, na mtaendelea kushika adabu mpaka aseme neno! Na ukaongeza kwamba hamtanii!

G na K zimekutesa tangu zamani. Umesahau ulipokuwa kwa Mjomba ukaandika uletewe goti jipya? Mama alilia siku mbili akidhani umevunjika mguu, kumbe mtoto anasikia baridi anataka koti. Ndiyo faida ya kutoroka shule ukakimbilia uwanjani.

Nimekuchapia nyingine safi, G zote nimezikagua mimi. Iwahi kabla ya Alhamisi. Na unitumie mkataba wenyewe, kurasa zote. Watu wakiniletea karatasi hapa dukani hunionyesha mstari uliowauma. Mimi ndiye husoma iliyobaki.

Lingine. Redio ya hapa haizimwi. Jumamosi mtangazaji aliwataja wote waliokuwa uwanjani, akamtaja hata mbwa aliyeingia dakika ya sitini. Sumaku sikumsikia. Labda redio yangu ina chuki na wewe. Mama ameshatangaza soko zima kwamba lango ni lako. Mimi sijasema kitu, nauliza tu.

Yule mteja hakuhusu.

Dada yako


Kambini, Ijumaa, 8 Machi

Dada,

Usinicheke. Wamenicheka wote, zamu zimeisha.

Barua yako imefika jana, gari la maji lilipasuka gurudumu. Na Bosi alikuwa ameshakuja Jumatano, tukiwa bwaloni, uso unang'aa. Akatukumbatia mmoja mmoja. Akasema, "Wanangu, nimeisoma barua yenu mara mbili. Imenigusa. Yaliyopita tuyaache, tuanze upya kama familia." Tukaruka! Kapteni akambeba Bosi begani, Upepo akapiga sufuria, tukazunguka naye bwalo zima. Kwa nusu saa nzima, Dada, hapakuwa na timu yenye raha kama yetu duniani. Sisi tukijua amekubali, yeye akijua tumetubu.

Halafu lori likapiga honi. Bosi akasema, bado yupo begani, "Haya wanangu, lile limefika."

"Limefika la nini?" Kapteni akamuuliza. "Si tumekuandikia tunagoma?"

"Mnagoma? Mmekoma! Mmeandika wenyewe!"

Akatoa barua mfukoni, akaisoma huko huko juu. Kapteni akamteremsha taratibu, kama kitu kinachovunjika. Wote wakanigeukia. Nilitafuta pa kujificha, na ghala lote magodoro, lakini kati yangu na mlango alisimama Kapteni.

Hatukupakia. Lori limeondoka tupu. Tangu hapo tumekaa vyumbani, Upepo ananiita Katibu Koma. Aliyekuwa hacheki ni Ukuta peke yake, nadhani kwa sababu kucheka kunamuuma mgongo.

Sasa sikiliza kubwa. Leo Bosi ameniita ofisini. Nimepewa kiti. Nimepewa soda. Akasema, "Kijana, Jumamosi ya tarehe kumi na sita tunacheza na vinara wa ligi. Ukuta hawezi. Lango ni lako. Nataka karatasi moja tu. Andika kwamba barua yako ilikuwa sahihi, wachezaji walikubaliana kukoma, na huu mgomo Kapteni ameutunga mwenyewe baadaye. Weka sahihi yako ya katibu." Nikimpa hiyo karatasi, Kapteni anafukuzwa na wengine wanarudi ghalani. Nisipompa, ataazima kipa kwingine na mimi nikafungashe nguo. Nina mpaka Jumatano.

Na sasa kaa chini nikuambie jambo. Sijacheza hata dakika moja, Dada. Msimu mzima. Lango ni la Ukuta. Mimi nakaa benchi na kushika chupa za maji. Ule mpira niliodaka mwamuzi akataka kupiga makofi, ulikuwa wa mazoezi, na mwamuzi alikuwa dereva wa gari la maji. Nikisaini, wiki ijayo utanisikia redioni kweli. Nimeota siku hiyo mpaka ndoto imechakaa.

Mkataba huo hapo, kurasa zote. Niambie nifanye nini. Ila usiniambie kwa ukali.

Sumaku


Dukani, Jumapili, 10 Machi

Mdogo wangu,

Tulijua. Mama amejua tangu mechi ya tatu. Muuza magazeti alimwonyesha picha ya timu: Ukuta kavaa glavu, wewe pembeni na kreti la chupa, umetabasamu kuliko wote. Akasema, "Mwacheni, anajipa moyo." Na bado anawatangazia sokoni kwamba lango ni lako, kwa hiyo uongo huo usijidai ni wako peke yako.

Kuhusu sahihi. Miaka minane nachapa barua za watu. Wanarudi kuniomba niwafutie hiki na kile, na mashine yangu inafuta vingi, lakini sijawahi kuweza kufuta sahihi ya mtu. Sitakuambia uliache lango, nimekuona ukidaka malimau jikoni tangu hujaota meno ya mbele. Nakuuliza hivi tu: Jumamosi hiyo ukiinua kichwa langoni, ukatazama mbele, Kapteni hayupo, na wote waliobaki wanajua kwa nini hayupo, huo mpira utamrushia nani?

Sasa mkataba. Wewe mtoto! Ulifika mwisho wa ukurasa ukadhani ni mwisho wa sentensi. Hukuona kwamba hakuna nukta? Geuza karatasi. Juu kabisa, kabla ya ile mihuri, pameandikwa: "na Kocha Mkuu, kwa ajili ya mchezo." Soma yote kwa pumzi moja: "kazi nyinginezo atakazopangiwa na Kocha Mkuu, kwa ajili ya mchezo."

Si Bosi. Ni kocha. Kocha wenu amewahi kuwapangia magodoro? Mmewahi hata kumuuliza?

Nimepiga mstari mwekundu. Usiiache karatasi kwenye gari la maji ikalowa.

Dada yako


Kambini, Alhamisi, 14 Machi

Dada, Mheshimiwa Wakili, Jaji na Mchapaji,

Piga magoti popote ulipo, halafu inuka, wateja wasije wakashangaa.

Karatasi ilifika jana saa tatu asubuhi, na Bosi alikuwa ananisubiri saa nne. Nisikufiche, usiku wa kuamkia jana sikuwa nayo hiyo karatasi, na nilikuwa nimeshaamua. Swali lako ulilouliza nilikuwa nimeshajiuliza, ila la kwangu halikuwa na maneno mazuri. Nilikuwa nimefungasha na begi. Soksi mbili za Upepo ziliingia humo kwa bahati mbaya.

Karatasi ilipofika nikampa Kapteni, Kapteni akakimbia kwa Kocha. Kocha wetu ni mtu mpole, huongea kwa filimbi. Tangu tugome amejifungia chumbani. Sisi tukidhani yupo upande wa Bosi, yeye akidhani tumemdharau kwa kugoma bila kumshirikisha. Akavaa miwani, akasoma, akageuza, akageuza tena. Kapteni anasema masikio yalimwiva.

Mimi huku nilikuwa nimeshaingia ofisini. Bosi ameshafungua kalamu. Nikamwambia, "Bosi, nimekosea herufi moja. Maneno ya wenzangu sikuyakosea." Nikamwekea mezani barua yako yenye G zake zote.

"Basi kafungashe."

"Nimeshafungasha, Bosi. Soda je, niirudishe?"

Akataka kunirushia kalamu. Mlango ukafunguliwa, Kocha huyo, nyuma yake Kapteni, nyuma yake Ukuta, anatembea kama mtu aliyejitwisha trei la mayai. Kocha akaweka mkataba mezani, akaweka kidole kwenye mstari wako mwekundu. Bosi akasoma. Akampigia simu mwanasheria wake. Tukasikia upande mmoja tu: "Ndiyo. Ndiyo. Niliandikiwa na wewe. Ndiyo. Sasa mbona hukuniambia kuna ukurasa wa pili?"

Alipokata simu Kocha akazungumza, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo: "Wachezaji ni wangu. Kazi nyinginezo ninazowapangia leo ni kulala mpaka saa kumi. Magodoro wanayo."

Bosi akausoma ule mstari tena. Halafu, Dada, akacheka. Si kwa kupenda, kicheko kilimponyoka. Akasema Ukuta atatibiwa hospitali nzuri mpaka apone, mstari wa kazi nyinginezo utaandikwa upya uonekane wote kwenye ukurasa mmoja, na tukimfunga kinara atasahau kwamba tulimbeba begani kwa udanganyifu. Wapakiaji wawili wamerudi kazini leo. Mmoja ametazama tulivyopanga ghala, akauliza ni kipofu gani alikuwa anafanya kazi hapa.

Mazoezi yameanza. Ila yule kipa wa kuazima ameshafika, ana mikono kama makasia. Kocha hajataja kikosi. Nikimtazama ananitazama filimbi ikiwa mdomoni.

Sumaku


Dukani, Jumamosi, 16 Machi, jioni

We mtoto!

Nimekusikia! "Langoni leo kuna kijana mgeni, anaitwa, subirini nisome, anaitwa Sumaku." Mama alikaa kwenye kiti cha wateja, akakataa kuinuka hata walipokuja watu wa kupiga picha za pasipoti. Yule mteja alikuja bila barua yoyote, akashika antena kwa mkono wake dakika sabini, na ukiandika neno moja kuhusu hilo sitakuchapia kitu tena maisha yako.

Mnaongoza mawili kwa moja, wenzenu wanapata kona, mtangazaji anasema "kipa anatoka langoni," umeme ukakatika mtaa mzima. Haujarudi. Mama ananitazama kama mimi ndiye niliyezima. Anasema umedaka. Mteja anasema umepiga ngumi. Mimi nakujua, sisemi.

Andika haraka. Bila chumvi.

Dada yako


Kambini, Jumapili, 17 Machi

Dada na Mama,

Na wewe Mteja, maana najua utasomewa,

Bila chumvi. Kona ile nilitoka, nikaruka, nikapiga ngumi ya nguvu zangu zote, nikapiga hewa. Mpira ulimgonga Kapteni usoni ukatoka nje. Kapteni aliinuka damu puani akaniambia, "Asante, Katibu." Nikacheka hadi Ukuta akanifokea. Kocha alikuwa amemweka kwenye kiti nyuma ya lango langu, ananiambia kila kitu: songa kushoto, angalia yule, acha kuwapungia watu mkono.

Kwa nini nilipangwa mimi badala ya Makasia, nilimuuliza Kocha nikitegemea sifa. Akasema, "Yule hajui hata majina ya mabeki wake. Wewe unawajua mpaka unawaibia soksi."

Dakika ya themanini wakasawazisha. Dakika za nyongeza Upepo akafunga la tatu, tumeshinda matatu kwa mawili. Bosi aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akatupa sote mkono, Kapteni akaushika muda mrefu. Kwangu akasema, "Wewe ungefaa kuwa mfanyabiashara, husomi mpaka mwisho." Sijui kama ni tusi. Nimelichukua kama sifa.

Mgongo wa Ukuta unaendelea vizuri. Wiki ijayo anarudi langoni, mimi narudi benchi. Mama awaambie sokoni hivyo hivyo, mimi sioni haya.

Lakini nikuambie lile goli la kusawazisha, maana najua utalisikia kwa wengine. Shuti lenyewe halikuwa na nguvu hata. Nililiona likija, nikajipanga, nikainama vizuri kama ninavyofanya siku zote, na mpira ukapita katikati ya miguu yangu, polepole, kama mtu anayeingia kwake. Uwanja wao mzima ukalipuka. Watu walisimama, wakarusha kofia, wakapiga kelele mpaka nikazihisi kwenye meno. Msimu wote nimesikia kelele za aina hiyo nikiwa nimekaa na chupa mikononi, na siku zote zilikuwa za mtu mwingine. Hizi walikuwa wananizomea mimi, Dada. Zilikuwa zangu zote.

Mdogo wako